Ipi inastahimili mwanga kwa kazi yako? Ulinganisho wa makundi manne ya rangi kwa hadubini ya molekuli moja moja

Katika maabara za utafiti wa malaria za Bagamoyo na za upande wa Tanga, hadubini ni chombo cha kila siku: tone la damu kwenye slaidi, rangi ya Giemsa, lenzi ya mafuta, kisha kuhesabu vimelea. Giemsa hutazamwa kwa mwanga unaopita ndani ya sampuli, na msomaji wa slaidi anaweza kukaa na sehemu moja kwa muda autakao. Hadubini ya molekuli moja moja ni kazi nyingine kabisa. Humo kila molekuli ya protini au DNA hubebeshwa rangi ng'aavu, leza huilazimisha rangi hiyo itoe fotoni, na kila fotoni inayotoka huikaribisha siku ya mwisho, kwa kuwa rangi inayopigwa na leza hatimaye hupauka na kuzima moja kwa moja.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa mtafiti anayeandaa sampuli zake hapa pwani, huenda akazipeleka kupimwa kwingine penye hadubini inayofaa, naye amekwama kati ya makundi manne yanayotajwa zaidi: protini zing'aazo, rangi za sianini, rangi za rodamini na vitone vya kwantamu.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni jumla ya fotoni ambazo molekuli moja hutoa kabla ya kupauka. Wengi huuliza rangi inadumu sekunde ngapi, lakini sekunde hudanganya: ukipunguza nguvu ya leza kwa nusu, rangi ileile itadumu takriban mara mbili bila kuwa imeboreka hata kidogo. Kinachobadilika kidogo ni jumla ya fotoni, na hiyo ndiyo bajeti ya kweli ya jaribio. Tuseme unataka kufuatilia molekuli moja kwa dakika moja, picha 10 kwa sekunde, na kila picha inahitaji fotoni 200 zilizonaswa na kamera. Hizo ni fotoni 120,000. Hadubini nzuri hunasa takriban asilimia 10 tu ya fotoni zinazotolewa, kwa hiyo rangi yako lazima itoe zaidi ya milioni moja kabla ya kufa. Ukishapiga hesabu hiyo kwenye karatasi, nusu ya majina kwenye katalogi hujiondoa yenyewe.

Idadi hiyohiyo huamua usahihi wa kutambua mahali molekuli ilipo. Doa la mwanga la molekuli moja huwa na upana wa takriban nanomita 250, lakini kitovu chake hujulikana kwa usahihi unaoongezeka kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni: fotoni 100 hukupa nanomita 10 na kitu, na fotoni 10,000 hukupa nanomita 1 na kitu, bila kuhesabu kelele za mazingira. Mwaka 2003 Ahmet Yildiz na wenzake walitumia rangi ya Cy3 kuifuatilia myosini V, protini inayotembea ndani ya seli, hatua kwa hatua kwa usahihi wa nanomita 1.5, na msingi wa kazi ile yote ulikuwa fotoni nyingi kutoka rangi moja.

Kigezo cha pili ni kupepesa. Rangi inaweza kuwa haijapauka lakini ikazima kwa milisekunde au sekunde kadhaa kisha ikarudi. Kwa anayepima mwendo, kupepesa ni kero. Kwa anayechora picha za usahihi mkubwa kwa kuwasha molekuli chache kila mara, kupepesa ndiko kunakotafutwa. Kigezo cha tatu ni ukubwa wa alama na namna inavyofungwa kwenye kile unachokichunguza. Cha nne ni bafa, yaani myeyusho unaoizunguka sampuli, ambayo rangi inaihitaji, jambo ambalo nitalirudia kwa kirefu. Cha tano, ambacho vitabu vya nchi za baridi hukipita haraka, ni utunzaji katika joto na unyevu wa pwani, hasa wakati wa kaskazi, na katika maabara ambayo umeme wake haukosi kukatika.

Protini zing'aazo

GFP (protini ya kijani ing'aayo), iliyogunduliwa na Osamu Shimomura mwaka 1962 katika kiwavi-bahari Aequorea victoria, na jamaa zake waliofuata, ndizo dhaifu zaidi kwa kigezo cha kwanza. Molekuli moja hutoa kwa kawaida makumi ya maelfu ya fotoni, pengine laki moja hivi, kisha huzima. Zile zinazobadilika rangi kwa mwanga, kama mEos, mara nyingi hukupa mamia machache tu ya fotoni zilizonaswa kwa kila molekuli. Kupepesa kwao kunajulikana tangu mwaka 1997, pale Robert Dickson, Andrew Cubitt, Roger Tsien na W. E. Moerner walipoonyesha molekuli moja moja za jamaa za GFP zikiwaka na kuzima. Kwa anayehesabu molekuli, hilo ni hatari ya kweli, maana mEos moja iliyozima na kuwaka tena huhesabiwa kuwa mbili au tatu.

Alama yenyewe si ndogo: takriban kilodaltoni 27, pipa lenye urefu wa nanomita 4 na kidogo. Lakini hakuna kundi jingine linalolingana nalo katika usafi wa kufungwa. Seli huitengeneza protini na alama yake pamoja, alama moja kwa protini moja, hakuna kuosha wala rangi iliyobaki ikielea. Bafa maalumu haihitajiki sana, na kwa kweli kuondoa oksijeni mapema ni kosa, kwa sababu kiini cha rangi cha GFP huhitaji oksijeni ili kukomaa. Kwa utunzaji hili ndilo kundi pole kuliko yote: unachohifadhi ni plasmidi (mduara mdogo wa DNA unaobeba jeni), na DNA iliyokaushwa husafiri kutoka Tanga hadi popote bila barafu.

Kwa wanaochunguza kimelea cha malaria ndani ya chembe nyekundu za damu kuna tahadhari mbili. Kuingiza jeni ndani ya Plasmodium falciparum ni kazi ya wiki nyingi na mafanikio yake ni haba. Tena himoglobini hunyonya sana mwanga wa zambarau karibu na nanomita 415, palepale karibu na leza ya 405 inayowasha mEos, na hunyonya tena, kwa kiasi kidogo zaidi, kati ya 540 na 577. Kundi hili linamfaa mwenye seli hai ambazo jeni lake tayari limeingizwa, anayeridhika na usahihi wa makumi ya nanomita na njia fupi za kufuatilia.

Sianini

Cy3, Cy5, Alexa Fluor 647 na Cy3B ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya fani hii. Ni molekuli ndogo, zenye uzito usiozidi kilodaltoni moja na ushei, na katika bafa nzuri hutoa laki kadhaa za fotoni hadi milioni moja hivi. Cy5 na Alexa Fluor 647 hunyonya mwanga kwa nguvu kubwa katika wekundu wa mbali, karibu na nanomita 650, mahali ambapo seli hazing'ai sana zenyewe na himoglobini karibu haina neno. Cy3 ya kawaida hupoteza nishati nyingi kwa kujipinda. Cy3B imefungwa mnyororo wake usipinde, na mng'ao wake kwa kila fotoni iliyonyonywa hupanda kutoka takriban asilimia 15 hadi karibu 67.

Tofauti yao na makundi mengine iko kwenye kupepesa. Ukiweka thioli (kemikali yenye kikundi cha salfa) kama beta-merkaptoethanoli ndani ya bafa, thioli hiyo hujibandika kwenye mnyororo wa Cy5 na kuizima kwa muda, kisha mwanga huibandua. Tabia hiyo ndiyo iliyozaa STORM, mbinu ya kuchora picha za usahihi mkubwa kwa kuwasha molekuli chache kila mara, ya Michael Rust, Mark Bates na Xiaowei Zhuang mwaka 2006, na Alexa Fluor 647 bado ni kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho, kwa fotoni takriban 5,000 zinazonaswa kila inapowaka. Lakini thioli ileile, ikiwekwa na mtu anayepima FRET (uhamaji wa nishati kutoka rangi moja hadi nyingine iliyo karibu, mpokeaji) kati ya Cy3 na Cy5, humharibia kazi: mpokeaji anazima, FRET inashuka hadi sifuri, na mwanafunzi anaandika kwamba protini imebadili umbo ilhali ni rangi tu iliyofumba jicho.

Sianini zina udhaifu mwingine miwili. Ya kwanza, Cy5 huvunjwa na ozoni, hata ile kidogo iliyomo hewani. Ya pili, Cy5 na Alexa Fluor 647 zikipigwa sana na leza, baadhi hupoteza kipande cha mnyororo na kung'aa kwa rangi iliyo karibu na ya Cy3, kwa hiyo anayetumia rangi mbili huona molekuli za uongo kwenye chaneli ya pili. Kundi hili linamfaa mwenye DNA au protini iliyosafishwa, anayefanya FRET au picha za STORM kwenye seli zilizouawa na kukazwa kwa kemikali, na aliye tayari kuitunza bafa kwa uangalifu.

Rodamini na jamaa zake

Hapa wamo ATTO 647N na rangi za JF zilizotengenezwa na kundi la Luke Lavis kule Janelia, Marekani. Mwaka 2015 kundi hilo lilibadilisha sehemu ndogo ya rodamini, likaweka pete ya azetidini mahali pa vikundi viwili vya methili, na rangi iliyopatikana, JF549, ikawa na mng'ao wa asilimia 88 kutoka 41 ya mzazi wake. JF549 na JF646 hupenya utando wa seli hai na kujifunga kwenye HaloTag, protini ya kilodaltoni 33 ambayo huingizwa kwa jeni kama GFP. Kwa njia hiyo mtafiti hupata usafi wa alama ya kijeni na fotoni za rangi ya kikemikali kwa pamoja, ingawa alama nzima ni kubwa kuliko GFP yenyewe.

ATTO 647N ni ngumu kupauka hata pasipo kuondoa oksijeni, huvumilia ozoni kuliko Cy5, na hupepesa kidogo. Ubaya wake ni kwamba ina chaji chanya na haipendi maji, kwa hiyo hunata: kwenye kioo, kwenye utando wa seli, kwenye protini yoyote iliyo karibu. Anayefuatilia lipidi au protini za utando ajiulize kwanza kama anaona mwendo wa molekuli yake au mwendo wa rangi inayojishikiza. Kioo kilichofunikwa vizuri kwa PEG, polima inayozuia kunata, hupunguza tatizo, hakiliondoi. Ni kundi la mwenye seli hai anayetaka njia ndefu za kufuatilia, au mwenye sampuli safi asiyeweza kutegemea bafa ya vimeng'enya.

Vitone vya kwantamu

Kwa wingi wa fotoni hakuna anayevifikia. Kitone kimoja, yaani fuwele ndogo mno ya CdSe (kadmiamu selenidi) iliyofunikwa kwa ZnS (zinki salfidi), hutoa mamilioni mengi ya fotoni, na mwaka 2003 Maxime Dahan na wenzake walivitumia kufuatilia vipokezi vya glisini kwenye neva hai kwa muda unaofika dakika 20, muda ambao rangi ya kawaida haiwezi hata kuuota. Vyote huangazwa kwa leza moja ya bluu au zambarau, na kila ukubwa hung'aa kwa rangi yake nyembamba.

Ila vinapepesa, tena bila mpangilio: kuzima kwa milisekunde na kuzima kwa makumi ya sekunde hutokea ndani ya rekodi moja. Sungchul Hohng na Taekjip Ha walionyesha mwaka 2004 kwamba thioli hupunguza kupepesa huko, kinyume kabisa na inavyoifanyia Cy5. Ukubwa nao ni kikwazo. Kikishavikwa koti la kuingia majini, kitone hufika nanomita 15 hadi 20, kikubwa kuliko protini nyingi kinazozibeba, na mara nyingi hubeba ndoano zaidi ya moja, kikaunganisha vipokezi viwili visivyokuwa pamoja. Ndani ya seli hai hakiingii kwa hiari. Kwa utunzaji, kinataka friji ya nyuzi 4 na hakitaki kabisa kuganda. Kikitupwa kwenye friza pamoja na rangi nyingine, hushikamana na kuharibika. Masalia yake yana kadmiamu na hayamwagwi kwenye sinki, sembuse katika maabara ambayo maji yake huishia baharini. Vitone vinamfaa anayefuatilia kipokezi kilicho nje ya seli kwa dakika nyingi, ambaye mapengo katika rekodi hayamsumbui.

Bafa, ambayo ni nusu ya rangi

Rangi iliyopata hali ya msisimko kwa kawaida hushuka ndani ya nanosekunde chache ikitoa fotoni. Mara mojamoja huteleza na kuingia hali ya tripleti, ambako hukaa mikrosekunde hadi milisekunde, muda mrefu mno kwa kipimo cha molekuli. Humo ndimo oksijeni huikuta. Oksijeni huirudisha rangi chini, lakini yenyewe hugeuka kuwa oksijeni ya singleti, inayoweza kuivunja rangi au protini iliyoibeba. Maji yaliyokaa hewani kwa nyuzi 25 huwa na takriban mikromola 250 za oksijeni, nyingi kupita kiasi kwa molekuli moja inayopigwa na leza.

Kwa hiyo watu huiondoa oksijeni kwa vimeng'enya vya glukosi oksidasi na katalasi, kisha hushangaa kuona rangi inadumu lakini inapepesa vibaya. Si ajabu: wameondoa adui, na pamoja naye wameondoa kile kilichokuwa kikiitoa rangi kwenye tripleti. Ndiyo maana Ivan Rasnik, Sean McKinney na Taekjip Ha mwaka 2006 walipoongeza Trolox, jamaa ya vitamini E inayoyeyuka majini, Cy5 ilitulia. Baadaye ilidhihirika kwamba sehemu ya Trolox hugeuka kuwa kwinoni ndani ya bafa, na kwamba hiyo kwinoni na Trolox yenyewe hufanya kazi kwa zamu, moja ikichukua elektroni na nyingine ikiirudisha. Trolox mpya kabisa, iliyoyeyushwa sasa hivi, huwa haijatosheka na kwinoni hiyo.

Glukosi oksidasi ina gharama yake: huzalisha asidi ya glukoni, na katika chemba iliyo wazi, ambamo oksijeni mpya huingia daima, pH hushuka bafa ikiwa nyepesi. Mfumo wa PCA na PCD (asidi ya protokatekuki na kimeng'enya chake) hupunguza shida hiyo, na kimeng'enya cha piranozi oksidasi huikwepa karibu yote. Kwa chemba iliyozibwa vizuri glukosi oksidasi bado inatosha na vimeng'enya vyake hupatikana kirahisi. Kwa rekodi za saa nzima binafsi ningeiacha. Katika seli hai mjadala huu wote hauna nafasi, kwani seli inahitaji oksijeni yake. Hapo kuna sianini ambazo kundi la Scott Blanchard liliziunganisha moja kwa moja na siklooktatetraeni, ili kinga iwe imefungwa kwenye rangi, haielei.

Halafu kuna suala la chupa yenyewe. Rangi nyingi za kikemikali huja kama esta ya NHS au maleimidi, yaani zikiwa na ndoano ya kikemikali ya kujifunga kwenye protini au DNA, unga kidogo usioonekana vizuri chini ya kichupa. Ukikitoa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kukifungua papo hapo katika chumba cha Bagamoyo, umande hutanda ndani ya kichupa kabla pipeti haijafika, na esta huanza kuvunjwa na maji. Katika pH 8.6, hata kwa nyuzi 4, nusu yake hupotea ndani ya dakika 10 hivi. Kichupa kikae ndani ya chombo chenye silika jeli hadi kifikie joto la chumba, ndipo kifunguliwe. DMSO, kiyeyushi cha rangi hizi, nayo hufyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa kubwa iliyofunguliwa na kufungwa tangu mwaka jana haifai kuyeyushia esta. Gawa rangi katika vichupa vya matumizi ya mara moja, ukaushe, uhifadhi. Umeme ukikatika usiku kucha, unga mkavu huwa na nafasi ya kupona kuliko myeyusho.

Kwa hali yako

Ikiwa una DNA au protini safi na unataka kupima umbali kwa FRET, anza na Cy3B na Cy5 au ATTO 647N kwenye chemba iliyozibwa, pamoja na Trolox; chagua ATTO 647N pale vimeng'enya vya kuondoa oksijeni vinapokosekana au vinapoingilia kimeng'enya unachokipima, na uchague Cy5 pale kunata kunapokuharibia.

Ikiwa unataka picha za usahihi mkubwa za vimelea ndani ya chembe nyekundu zilizokwisha kukazwa kwa kemikali, Alexa Fluor 647 na thioli ndiyo njia iliyozoeleka, na wekundu wake wa mbali unaikwepa himoglobini. Hemozoini, fuwele ambazo kimelea hutengeneza kutokana na himoglobini, haikwepeki kirahisi hivyo: hunyonya mwanga mkali, hupata joto, na waliotumia STED, mbinu nyingine ya picha za usahihi mkubwa, kwenye vimelea hai wamelazimika kuielekeza leza isiigonge. Njia nyingine ni DNA-PAINT, iliyoanzishwa na Ralf Jungmann na wenzake mwaka 2010, ambamo rangi hujishika kwa muda mfupi na kubadilishwa na nyingine kutoka kwenye myeyusho, hivyo kupauka kwa moja hakuimalizi picha. Hupunguza wasiwasi wa fotoni na kukuongezea saa za kusubiri.

Ikiwa seli zako ni hai na jeni tayari lina GFP, tumia hiyo kwanza uone kama jibu linapatikana kabla ya kutengeneza HaloTag. Ikiwa bado hujaanza kutengeneza jeni, HaloTag na JF549 au JF646 hukuachia mlango wa kubadili rangi baadaye bila kurudi mwanzo. Ikiwa unachofuatilia kipo juu ya utando na unahitaji dakika badala ya sekunde, vitone vya kwantamu vinastahili usumbufu wake, mradi ujaribu pia kwa rangi ndogo kuhakikisha kwamba mwendo unaouona si wa mzigo.

Na kama umebaki njia panda kati ya mbili, zibandike zote mbili kwenye DNA fupi ileile yenye biotini, uzishike kwenye kioo chenye PEG na streptavidini (protini inayoishika biotini kwa nguvu), na uzirekodi siku moja kwa bafa moja na leza iliyopimwa kwa mita. Tazama mistari ya molekuli moja moja: mng'ao unakaa sawa, kisha unaanguka kwa hatua moja hadi sifuri. Ukiona hatua mbili, umeshika molekuli mbili. Itoe kwenye hesabu. Jumlisha fotoni za kila mstari hadi pale unapoanguka, baada ya kubadili namba za kamera kuwa fotoni, na ulinganishe wastani wa jumla hizo, usilinganishe muda.